Mbuzi Watatu Ndani ya Flashi

Tawa Sokoni,
Jumatatu, 9 Machi 2026.

Kwa dada yangu Bilha, mama Mwongeli,
Kathonzweni.

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, za mke wangu, na za watu wote wa hapa Tawa ambao kila siku ya soko hawaachi kuniuliza juu yako. Mguu unaendeleaje? Nilisikia umeanza kusimama na kushika ukuta mpaka mlangoni, nikamshukuru Mungu kwa sauti hadi wateja wakageuka kuniangalia. Usiukazanie sana. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri wako unataka kubembelezwa. Sisi huku miili ni mizima. Mvua bado. Mawingu yanapita yakienda kunyeshea wengine, lakini shamba tumeshalisafisha na mbegu ziko tayari.

Utashangaa nimekuandikia kwa mkono, mimi mtu wa mitambo. Sababu ni kwamba kwenye simu mdomo wangu hukimbia mbele yangu, na nikimaliza kuongea naona nimesema mambo ambayo hayakuwa. Wewe unanijua tangu tukichunga mbuzi za baba. Kalamu inanipunguza mwendo. Kwa hivyo soma polepole, na hata ukikasirika katikati, usiache mpaka ufike kwenye jina langu.

Nusu ya habari umeshaipata kwa Mwongeli. Kesi ya Kyuso tumeshindwa. Wazee wa ukoo wa marehemu Musyimi walikaa Ijumaa wakasema hakuna ushahidi kwamba ntheo, wale mbuzi wa posa, ilipelekwa kwenu, na bila ntheo Mwongeli hakuwa bibi wa Musyimi, alikuwa mgeni aliyekaa miaka tisa. Na wasichana wake wawili, Mumbua na Muthoki, wakahesabiwa kuwa wa kwenu Kathonzweni, si wa Kyuso. Ile nusu nyingine hajakuambia kwa sababu yeye mwenyewe haijui. Hiyo ndiyo nimekalia kiti kuiandika.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Unakumbuka Desemba ile ya 2016, wazee wawili kutoka Kyuso walipoingia kwa lango lako na mbuzi watatu, majike wawili na yule ndume mwekundu. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya tangi la maji na kamera yangu mpya. Dada, kamera ile ilikuwa ya kwanza kati ya Wote na Mbumbuni. Ukiielekeza milima ya Mbooni ulikuwa unaweza kuhesabu kuku wa mtu na kujua ni yupi anataga. Nilichukua kila kitu. Nilimchukua Mzee Kivuva, yule baba mdogo wa Musyimi, akiwa ameshika kamba ya ndume, na koti lake lililomfika magotini. Ndume alimvuta mpaka ndani ya mbaazi zako akaanguka kwa magoti, watu wakacheka, na wewe ukamletea maji ya kunawa. Nilichukua ndume akichinjwa. Nilichukua wazee wa pande zote mbili wakila, na Kivuva akisema kwa kinywa chake kwamba kuanzia leo Mwongeli ni mtoto wa Kyuso. Dakika arobaini na saba. Uso wake unaonekana hata kidonda alichojikata akinyoa.

Hakuna mtu aliyefikiria kwamba siku moja tutazihitaji picha hizo. Musyimi na Mwongeli walikuwa wanasema harusi ya kanisa ni Desemba ijayo, kila mwaka Desemba ijayo, na kwa serikali hawakwenda kuandikisha. Walikuwa na ntheo, na ntheo kwetu inatosha. Mimi niliwaahidi DVD. Waliniomba mara nyingi, na Musyimi aliwahi kutoka Kyuso mpaka hapa dukani, akanywa chai, akarudi mikono mitupu. Nilimwambia bado naipamba. Na ukweli nilikuwa naipamba. Nilitaka maua yaanguke pale jina la Mwongeli linapotokea, na mwanzoni nilitaka picha yangu mimi, nimevaa suti, na maandishi ya kuzunguka kwamba kazi hii imefanywa na Mulei. Miaka tisa nimekuwa nikichagua maandishi yazunguke kwenda upande gani. Kwa hiyo nakala ilikuwa moja tu duniani, ndani ya kompyuta yangu.

Sasa, mwaka jana mwezi wa kumi kompyuta ilianza kuniandikia kwamba Windows yake imefika mwisho, haitapewa tena kinga dhidi ya virusi, niweke ile mpya. Nilikuwa na kazi nyingi, watu wa vyeti, watu wa picha za pasipoti, watu wa kutiliwa filamu kwenye simu. Lakini nikaona mimi ndiye watu wa Tawa wanaangalia, siwezi kukaa na kitu kilichokwisha. Nikampigia Sandra, yule fundi wa kompyuta wa Wote aliyesomea chuo, nikamwambia namjulisha tu, sio kwamba namwuliza. Sandra akaniambia nisiguse chochote kabla sijafanya bakapu, yaani kunakili kila kitu nilicho nacho kukitoa nje ya mashine. Akaniambia nikimaliza niichukue ile flashi nikaifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine, nicheze video mbili tatu nione zinacheza, ndipo nifute. Alilirudia jambo hilo mara mbili. Mimi nilimjibu kwamba nilianza kushika kompyuta wakati yeye bado anapuliza uji kwenye kikombe cha plastiki. Akasema haya basi mzee, Mungu akusaidie.

Nilinunua flashi kubwa. Kwenye skrini yangu ya mbele nilikuwa na vipicha vidogo, kila folda na kipicha chake, Harusi, Mazishi, Kwaya, Ntheo Mwongeli. Na kwenye pembe ya kila kipicha kulikuwa na kamshale kadogo. Miaka yote nilidhani kamshale ni urembo. Nikavikusanya vyote nikavivuta ndani ya flashi. Dada, viliingia kabla mtu hajafungua soda. Kazi ya miaka kumi, kufumba na kufumbua! Nilitoka nje ya duka nikawaambia wauza nyanya kwamba nimehamisha wilaya nzima nikaiweka mfukoni, na wao wakanishangilia, maana hawakuelewa, na mimi pia sikuelewa.

Halafu nikaweka ile Windows mpya. Katikati iliniuliza niiweke wapi, ikanionyesha sehemu mbili za diski. Ya pili ilikuwa imejaa pomoni. Nikasema sasa kwa nini niingize mgeni kwenye nyumba iliyojaa vitu vya zamani, na vitu vyangu ninavyo hapa mfukoni. Nikafuta zote mbili. Nilijisikia kama mtu aliyefagia uwanja wake asubuhi. Flashi niliifunga kwa kitambaa nikaitia ndani ya kopo tupu la mafuta, nikaliweka juu ya kabati la duka, na sikuifungua tena.

Mwezi wa kwanza Musyimi akaanguka kwenye ule ujenzi wa Mwingi. Hayo unayajua, na mazishi uliyasikia kwa simu ukiwa kitandani. Wiki mbili baada ya kumzika, kaka yake Munyao akamwambia Mwongeli akusanye vyombo vyake. Alisema ekari zile tisa ni za ukoo na hakuna mbuzi aliyewahi kutoka kwao kwenda Kathonzweni. Mwongeli akamtaja Kivuva, na Kivuva akasema haikumbuki safari hiyo, labda alikuwa mgonjwa mwaka huo. Yule mzee mwingine aliyekuja naye alikufa zamani na ugonjwa wa sukari. Ulipotaka kubebwa ukatoe ushahidi, walisema mama ya bibi hawezi kuwa shahidi wa bibi, wala majirani zake wa Kathonzweni. Ndipo mimi nikakupigia simu nikakuambia ulale usingizi, video ninayo, nimeiweka mahali patatu. Dada, ilikuwa mahali pamoja, na hapo penyewe hapakuwa na kitu.

Ijumaa tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa pale Kyuso. Nilikuwa nimevaa ile suti. Nilikuwa nimeazima projekta ya kwaya yetu, nikatundika shuka jeupe ukutani, na nilikuwa na hotuba ya kurasa nne. Wazee wa ukoo walikuwa kumi na mmoja. Munyao alikaa mbele amekunja mikono. Kivuva alikaa nyuma karibu na mlango, na koti lile lile. Mwongeli alikaa kando na wasichana wake, amefunga kitambaa cheusi, na nilipopita alinigusa mkono.

Nilisoma hotuba yote. Niliwaeleza kamera ni nini. Niliwaambia kwamba kuna watu humu ndani leo watajiona wakiwa wamepiga magoti kwenye mbaazi. Kisha nikachomeka flashi, vipicha vyote vikatokea kwenye shuka, vikubwa, hata mzee wa mwisho akasoma Ntheo Mwongeli. Nikabonyeza. Kompyuta ikaandika kwa Kizungu kwamba kitu hicho kimehamishwa au kimefutwa. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza Harusi, nikabonyeza Kwaya. Maneno yakawa yale yale. Nikasema ni stima. Nikasema ni waya. Nikachomoa nikachomeka, nikaipuliza. Mtoto Mumbua alikuwa amejisogeza mbele amwone baba yake, maana nilikuwa nimemwambia atamwona baba akicheka. Alikaa hapo akiangalia shuka jeupe.

Mwenyekiti wa wazee si mtu mbaya. Aliningoja karibu nusu saa. Halafu akaniambia niache mitambo, nisimame mbele yao kama mtu mzima niseme nilichokiona kwa macho yangu, watanisikiliza. Nikasimama. Nikaeleza yote kama nilivyokuandikia hapa, mbuzi watatu, kamba, mbaazi, maji ya kunawa, kinywa cha Kivuva. Sikuongeza hata moja, Bilha. Nakuapia, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuongeza hata moja. Na walianza kucheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanaokujua. Mmoja akauliza kama huyu si yule Mulei wa Tawa aliyesema alimkimbiza chui kutoka Kibwezi hadi Makindu kwa baiskeli isiyo na breki. Mwingine akauliza kama si mimi niliyewaambia, kwenye mazishi ya Musyimi, kwamba nina diploma, na shemeji yake alisoma nami mpaka darasa la saba tulipoachia. Mwenyekiti akawanyamazisha. Kisha akaniuliza kwa upole, na hilo neno lake bado liko masikioni mwangu:

"Mzee Mulei, mbali na wewe, kuna mtu mwingine aliyeona?"

Sikuwa na mtu ambaye wangemkubali. Wakatoka nje kidogo, wakarudi, wakasema.

Jumamosi nilipeleka kompyuta kwa Sandra. Hakunicheka. Alinionyesha kile kipicha chenye mshale, akaniambia hicho si folda, ni kibao tu cha kuonyesha njia, kama kile cha barabarani kinachosema Kyuso ni kule. Video zenyewe zilikuwa kwenye ile sehemu ya pili ya diski. Nilibeba vibao nikabomoa mji. Alijaribu na programu zake kuanzia asubuhi mpaka alipofunga duka. Alipata vipande vya picha, mkono wa mtu, mguu wa mbuzi, bila mwanzo wala mwisho. Alisema kama ningeizima siku ile ile pengine angeokoa kitu, lakini nimeandika mambo mapya juu yake miezi mitano. Kadi za kamera nilizitumia tena zamani kwa harusi za watu wengine.

Mpaka hapo ungeweza kunisamehe. Ungesema Mulei ni mjinga, hakusoma, alikosea kama mtu anavyokosea. Mwongeli anasema hivyo. Lakini kuna kitu ambacho hakuna anayekijua ila mimi na mtu mwingine mmoja, na huyo mwingine hatasema.

Wiki mbili kabla ya kesi, Mzee Kivuva alikuja hapa Tawa. Alikuja peke yake, siku isiyo ya soko, akaingia dukani akavua kofia. Nilimwekea kiti. Alikaa muda mrefu akiangalia picha za harusi ukutani. Kisha akasema hajalala vizuri tangu Munyao aanze mambo haya. Alisema vijana wa Munyao ndio wanaomletea maji na chakula, na yeye ni mzee asiye na mtoto, ndiyo maana alisema hakumbuki. Lakini hawezi kukaa mbele ya ukoo aonekane mwongo na uzee huu. Alikuwa ameshaongea na Munyao. Wakikubaliana bila kesi, Mwongeli atabaki na nyumba yake na ekari nne za upande wa mto, na wasichana watabaki na jina la baba yao. Hizo nyingine tano wachukue ndugu. Video isionyeshwe, mambo yaishe kimya. Halafu akasema:

"Mulei, nionyeshe kidogo tu, nijione. Nikienda kumwambia Munyao nimejiona, hatakuwa na neno."

Kopo lilikuwa juu ya kichwa chake, hapo kwenye kabati. Ningeinua mkono tu. Kama ningefungua, ningejua kwamba sina kitu. Kama ningekataa kufungua nikakubali maneno yake, asingejua kitu, na Mwongeli leo angekuwa kwake akipanda ndengu. Njia zote mbili zilikuwa nzuri, dada. Mimi nikapata ya tatu. Nilimwambia hivi, kwa maneno haya haya: "Utajiona Ijumaa ya kesi, na ukoo wako wote watakuona." Nikamwambia sisi hatutaki ekari nne, tunataka tisa. Nikamwambia aende akatafute koti linalomtosha, maana atatokea kwenye shuka kubwa.

Sikumwambia Mwongeli. Sikukuambia wewe. Niliona nitakuja kuwasimulia baada ya kushinda, namna nilivyomfukuza. Na nakuambia na hili, ambalo hata kwenye maombi nimelisema kwa sauti ya chini. Alipotoka nje, niliangalia lile kopo. Nilikumbuka namna vitu viliingia upesi siku ile, na Sandra alivyorudia neno lake mara mbili. Nikaogopa kidogo. Nikaenda kupiga pasi suti.

Nimefikiria kurudi Kyuso niwaambie wazee kwamba Kivuva alikiri. Nani ataniamini? Alikuja peke yake, hakuna aliyemwona, na mimi ni yule wa chui. Mwongeli anasema kuna mama wa kanisa anayemshauri aende mahakamani. Naona aende. Lakini Jumapili Munyao alikuwa ameshaingiza ng'ombe wa kulima, na magunia matano ya ndengu yaliyokuwa ndani ya nyumba ya Mwongeli hayakutoka.

Mwongeli yuko hapa kwangu na wasichana tangu Jumamosi. Anaamka kabla yetu, anafagia mpaka mbele ya duka. Jana alipika muthokoi akanipakulia mimi kwanza, kabla ya watoto, nikashindwa kushika kijiko. Akadhani nahuzunika kwa sababu ya aibu ya Ijumaa. Akaniambia, "Mjomba, ulisimama peke yako mbele ya wazee kumi na mmoja kwa ajili yangu. Kula." Nikala. Nilikula yote, Bilha, na nikasema ni tamu.

Nimejaribu kumwambia mara tatu. Kila nikifungua mdomo kinatoka kitu kingine. Mara ya mwisho kilitoka kisa cha namna nilivyotengeneza redio ya mkuu wa tarafa kwa waya wa kutundikia mzinga wa nyuki, na watoto wakacheka, na yeye akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. 

Mpe pole mkwe wenu wa hapo Kathonzweni kwa ng'ombe wake aliyekufa, na wasalimu majirani wote wanaokuletea maji. Mwambie mchungaji wako aniombee, asiulize ni kwa nini. Nitakuja kukuona kabla ya Pasaka kama utataka nije. Usipotaka, nitaelewa, na nitatuma dawa ya mguu kwa mtu.

Mwongeli anakuja kwako Alhamisi na wasichana, na barua hii ndiye atakayeibeba. Gundi ninayo hapa mezani, bahasha sikuifunga. Nitampa mkononi nimwambie ni ya mama yake, na safari ni ndefu, na anajua kusoma.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Mulei.